Jina Lililochongwa Ukutani

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo ni ya nyumba, na nyumba hiyo ipo kweli. Imesimama zaidi ya miaka 570 katika mji wa Bourges, katikati ya Ufaransa. Mtu yeyote anaweza kulipa kiingilio, akapita langoni na kupanda ngazi zake. Aliyeijenga hakupata nafasi ya kuishi humo kama alivyotaka, na sababu yake mtaisikia.

Jina lake lilikuwa Jacques Cœur. Baba yake aliuza ngozi zenye manyoya, zile ambazo matajiri wa nchi za baridi walizishonea majoho yao. Katika Ufaransa ya siku hizo mtoto alizaliwa na daraja lake tayari: mtoto wa mwungwana alikuwa mwungwana, mtoto wa mkulima alilima, na mtoto wa muuza ngozi alitazamiwa kuuza ngozi mpaka azikwe. Lakini Jacques alizaliwa mahali pazuri na wakati wa vurugu, na wakati wa vurugu milango iliyofungwa huachwa wazi.

Vurugu yenyewe ilikuwa vita. Waingereza walikuwa wameingia Ufaransa na kuishika Paris, na kijana Charles VII, aliyedai ufalme, alikuwa amesukumwa kusini ya mto Loire. Bourges ukawa mmoja wa miji yake mikuu, hata wapinzani wake wakamdharau kwa kumwita mfalme wa Bourges, kana kwamba hana nchi nyingine. Sasa fikirini: mfalme akihamia mjini, wanahamia pamoja naye mabwana, mabibi, makarani, walinzi na wapishi. Wote hao wanataka kuvaa, kula na kupendeza. Muuza ngozi mwenye akili anaona nini hapo? Anaona wateja.

Mwaka 1432 Jacques alisafiri mpaka Dameski. Chombo alichorudia kilivunjika karibu na kisiwa cha Corsica, na mali yake ikapotea. Hata hivyo alikuwa ameshaona kwa macho yake biashara inavyokwenda: pilipili manga, tangawizi na hariri ziliuzwa katika masoko ya Misri na Shamu. Nyingi kati ya bidhaa hizo zilikuwa zimeshavuka Bahari ya Hindi kwa pepo zile zile za kaskazi zilizoyaleta majahazi Mombasa na Kilwa. Jacques aliunda merikebu zake mwenyewe, zile ndefu za makasia, zikawa zinakwenda Aleksandria na kurudi bandari za kusini mwa Ufaransa. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1430, alikuwa ndiye msimamizi wa manunuzi ya nyumba ya mfalme. Kila kitambaa, kila kito, kila manyoya yaliyovaliwa na watu wa mfalme yalipita mikononi mwake. Mwaka 1441 mfalme akamtia katika daraja la waungwana.

Na mwungwana mpya anahitaji nini? Anahitaji nyumba ambayo kila mtu ataiona.

Mwaka 1443 alinunua kiwanja pembeni mwa mji, na hapa ndipo ninapompendea, kwa sababu alichagua mahali ambapo mwingine angepakimbia. Kiwanja kilikuwa kimeegemea ukuta wa kale uliojengwa zama za Warumi, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, kuuzunguka mji na kuulinda. Ukuta ulikuwa mnene na ulikuwa na minara yake. Upande mmoja ardhi ilikuwa juu, usawa wa mtaa. Upande wa pili iliteremka ghafla. Mwashi asiye na subira angesema pabomolewe kwanza. Waashi wa Jacques walifanya kinyume: waliufanya ukuta wa Warumi kuwa msingi, na minara yake wakaiendeleza juu. Mkisimama leo upande wa magharibi, chini ya mteremko, mtaona kazi za zama mbili zimepandana, mawe ya Warumi chini na mawe ya Jacques juu.

Kwa sababu hiyo nyumba ina sura mbili. Ukiitazama kutoka chini, magharibi, unaona ngome: minara mizito, ukuta mrefu, paa refu lenye ncha. Mtoto wa muuza ngozi alikuwa hana ngome ya ukoo, basi ukuta wa Warumi ulimpa sura ya ukale ambayo fedha peke yake isingeweza kununua. Ukizunguka ukaja upande wa mtaani, mashariki, unakuta uso mwingine kabisa. Huko mawe yamechongwa mpaka yakawa mepesi machoni. Madirisha yamepambwa kwa mistari ya mawe inayopinda na kupanda juu kama ndimi za moto. Mtindo huu ulipendwa sana Ufaransa wakati huo, na wataalamu wa majengo wameupa jina linalotokana na miali hiyo hiyo ya moto.

Sasa angalieni vizuri hayo mapambo, maana ndiyo kiini cha hadithi yangu. Kwenye kuta, kwenye kingo za roshani, kwenye milango, kuna vitu viwili vinavyojirudia: moyo na kombe la baharini. Moyo, kombe. Moyo, kombe. Jina Cœur kwa Kifaransa ni moyo. Jacques ni Yakobo, na Mtakatifu Yakobo alama yake ni kombe, lile ambalo mahujaji waendao kaburini kwake Hispania hulishona kwenye nguo zao. Kwa hiyo hata mpita njia asiyejua kusoma aliweza kulisoma jina la mwenye nyumba. Hata kaulimbiu yake, iliyosema kwamba kwa mioyo hodari hakuna lisilowezekana, aliiandika ukutani kwa namna hiyo: mahali pa neno moyo pakachongwa picha ya moyo.

Juu ya lango kuu palichongwa kidaka kikubwa chenye paa lake la mawe, na ndani yake ikawekwa sanamu ya mfalme Charles VII amepanda farasi. Mnaona jinsi alivyojipanga? Mfalme yuko juu na heshima yote ni yake, lakini jina lililomzunguka pande zote ni la mfanyabiashara. Baadhi ya mabwana wa enzi hizo lazima waliuma midomo walipopita pale.

Kando ya kidaka hicho kuna jambo ambalo watoto hulipenda kuliko yote. Kuna madirisha mawili ya uongo, yaliyochongwa kwenye jiwe, na kila moja lina mtu wa jiwe aliyeinama nje anachungulia mtaani, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke. Kioo hakuna, chumba nyuma yao hakuna. Wapo pale kuangalia nani anakuja. Fikirini mgeni wa mwaka 1450 anakaribia lango jioni, mwanga umepungua, anainua macho na kudhani ameshaonwa na watumishi wa nyumba. Mchongaji aliyefanya hivyo alikuwa fundi, na alikuwa na furaha kazini.

Haya, tupite langoni. Hatuingii chumbani moja kwa moja. Tunatokea kwenye ua wa wazi uliozungukwa na jengo. Sehemu ya kuishi iko nyuma kabisa, juu ya ule ukuta wa kale, na pande nyingine kuna njia zilizoezekwa ili watu wazunguke bila kulowa mvua. Mpango huu wa lango mtaani, ua katikati na makao nyuma, ulikuja kupendwa sana na matajiri wa miji ya Ufaransa katika karne zilizofuata. Kelele za mtaa zilibaki nje, na mwenye nyumba akapata anga lake mwenyewe.

Ndani ya ua kuna minara midogo yenye ngazi za kuzunguka, kila mmoja na mlango wake. Mgeni atajuaje ngazi ipi inakwenda wapi? Maandishi yasingemsaidia mtumishi ambaye hajasoma. Basi juu ya milango wakachonga picha. Juu ya mlango wa ngazi ya jikoni, watu wa jikoni wako kazini. Juu ya mlango wa ngazi inayopanda kwenye kanisa dogo la nyumba, watu wanaiandaa Misa na waumini wanafika. Kwenye mnara mkubwa, ule wa bwana na wageni wake, imechongwa miti, na kati ya miti hiyo kuna mitende na michungwa. Mitende haioti Bourges, baridi ingeiua. Ni miti ya nchi ambazo merikebu za Jacques zilifika, nayo imepandwa kwenye jiwe ili kila apandaye ngazi akumbuke mali hii imetoka wapi.

Napenda mkae na jambo hili kidogo, kwa kuwa vitabu vingi hulipita haraka. Wakati ule, nyumba nyingi hata za wakubwa zilikuwa na ukumbi mmoja ambamo watu walikula, walilala, waligombana na kupatana. Kwenda chumba cha tatu ulipita chumba cha pili, na aliyelala humo alikuona. Katika nyumba hii kila kazi ina mahali pake na kila mahali pana njia yake. Chakula kinapanda kwa ngazi yake. Bwana anapanda kwa yake. Mtumishi anayebeba majivu hakutani na askofu anayekwenda kusali. Anayeishi leo kwenye nyumba yenye ukumbi na mlango unaofungwa wa chumba cha kulala anaona ni jambo la kawaida, lakini lilibidi libuniwe na watu, na Bourges ni mahali pamoja pazuri pa kuliona likibuniwa.

Ndani kuna ukumbi wa karamu, wenye meko makubwa ya kuotea moto na roshani ya wanamuziki juu. Kuna hamamu, chumba cha kuogea kwa mvuke na maji ya moto, na kuna vyoo vilivyojengwa ndani ya nyumba. Msicheke. Katika karne ya 15 choo cha ndani kilichopangwa vizuri kilikuwa fahari kama dhahabu. Kuna chumba cha hazina ndani ya mnara mmoja, ambamo mchongaji aliweka kisa cha mapenzi cha Tristan na Iseut: wapendanao wako kando ya chemchemi, na mfalme mwenye wivu amejificha juu ya mti anawapeleleza. Kwa nini kisa cha upelelezi kiwe kwenye chumba cha siri? Kila msimulizi ana jibu lake. Mimi nadhani mwenye nyumba alitaka kila anayeingia humo ajue kwamba panapo siri pana macho.

Na yapo meko yaliyochongwa wakulima waliopanda punda, wanapigana mashindano ya kivita ambayo kwa desturi yalikuwa ya waungwana juu ya farasi wao. Mahali pengine watu wawili wanacheza sataranji. Merikebu ya makasia imo pia, katika jiwe na katika kioo. Ukipanda juu utakuta ukumbi mrefu ambao dari lake ni la mbao zilizopindwa, mfano wa tumbo la merikebu iliyopinduliwa. Kanisa dogo liko juu ya lango kuu, na dari lake lina malaika waliovaa nguo nyeupe juu ya anga la buluu. Bwana na mke wake, Macée, walikuwa kila mmoja na kijichumba chake cha kusalia kando.

Hiyo ndiyo nyumba. Sasa mwenyewe.

Jacques aliwakopesha watu. Wakubwa wa baraza la mfalme walichukua hariri na vito kwa mkopo, na kila aliyedaiwa alimpa tabasamu mbele na chuki nyuma. Mfalme naye alikopa kwake fedha za vita. Katika miaka ya 1449 na 1450, jeshi lilipokwenda kuikomboa Normandie kutoka kwa Waingereza, sehemu kubwa ya gharama ilitoka mfukoni mwa Jacques. Mfalme akashinda. Na mfalme aliyeshinda, akiwa na deni kubwa kwa raia wake mmoja, anaanza kumwona raia huyo kwa jicho jingine.

Mwezi Julai 1451 Jacques Cœur alikamatwa. Mashtaka ya kwanza yalisema alimpa sumu Agnès Sorel, mwanamke aliyependwa na mfalme, aliyefariki mwaka mmoja kabla. Shtaka hilo lilianguka, yakaletwa mengine: kuwauzia Waislamu silaha, kula fedha za umma, na kumrudisha kwa bwana wake huko Aleksandria kijana mtumwa wa Kikristo aliyekimbilia kwenye merikebu yake. Siwezi kuwaambia kwamba alikuwa mtu safi. Biashara yake ilikuwa na pembe kali, na kisa cha kijana yule hunisikitisha kila ninapokikumbuka. Lakini kati ya watu waliofaidika na kuanguka kwake walikuwemo wale waliokuwa na madeni kwake, na mali yake iligawanywa. Mei 1453 akahukumiwa kulipa faini kubwa mno na kunyang'anywa vyote. Macée alikuwa ameshafariki. Alipokamatwa, nyumba ilikuwa ndiyo kwanza inamaliziwa.

Mwaka 1454 alitoroka gerezani. Akapita kusini, akavuka mpaka, akafika Roma, na Papa akampokea. Akapanda merikebu za Papa kwenda mashariki, kwenye bahari alizozijua tangu ujana, na mwezi Novemba 1456 akafia kisiwa cha Chios. Mwaka uliofuata mfalme aliwarudishia watoto wa Jacques nyumba ya Bourges.

Hapo, wanangu, nyumba ikaanza maisha yake bila yeye, na maisha hayo ni marefu zaidi. Watoto na wajukuu waliishi, kisha ikauzwa. Mwaka 1552 ikachukuliwa na familia ya l'Aubespine, watu wa serikali. Kijana aliyekuja kuwa jemadari mashuhuri, Condé, alikaa humo alipokuwa mwanafunzi wa Wajesuiti mjini. Mwaka 1679 ikanunuliwa na Colbert, waziri wa Louis XIV, na miaka mitatu baadaye ikawa mali ya mji. Wakaigeuza kuwa nyumba ya halmashauri na mahakama.

Je, hilo lilikuwa jema au baya? Lilikuwa vyote viwili. Jengo linalotumiwa hupatiwa paa jipya likivuja. Jengo tupu huota miti. Mahakama iliiokoa nyumba hii kwa kuwa ilihitaji mahali pa kukaa. Lakini mahakimu hawana haja na ukumbi wa karamu. Kumbi zilikatwa kwa viwambaza zikawa ofisi, meko yakavunjwa, na baadhi ya michongo ikaondolewa. Nyumba ikawa hai na imejeruhiwa kwa wakati mmoja.

Yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Watu waliochoka na wafalme waliziangusha sanamu za wafalme nchi nzima, na ile ya Charles VII juu ya lango la Bourges ikaangushwa mwaka 1792. Mioyo na makombe hayakuwa alama za mfalme yeyote, hivyo yakasalimika. Mfalme yule alikuwa amemnyang'anya Jacques fedha, vyeo na nchi. Kidaka chake kikabaki kitupu, na jina la Jacques likabaki limekizunguka.

Miaka ya 1830 serikali ya Ufaransa ilianza kujiuliza ni majengo gani ya kale yasiachwe yafe. Akateuliwa mkaguzi wa kuyatembelea, mwandishi Prosper Mérimée, aliyezunguka nchi kwa magari ya farasi akiandika taarifa moja baada ya nyingine. Mwaka 1840 ikatoka orodha ya kwanza ya majengo yaliyostahili fedha na ulinzi wa serikali, karibu majengo elfu moja, na nyumba ya Jacques Cœur ilikuwemo. Sheria kamili ilikuja baadaye, ile ya mwaka 1913, iliyoweka msingi wa ulinzi huo. Maana yake ni hii: mwenye jengo lililoorodheshwa, hata akiwa serikali yenyewe, habomoi kiwambaza, habadilishi dirisha wala hapaki rangi kwa uamuzi wake peke yake. Lazima apate idhini, na kazi ifanywe na mafundi wanaojua jiwe la kale.

Mwaka 1923 serikali kuu ilinunua nyumba yote. Mahakama ikaondoka, na katika miaka iliyofuata viwambaza vya ofisi vikavunjwa kimoja kimoja, kumbi zikapata upana wake wa zamani. Meko makubwa ya ukumbi wa karamu yalijengwa upya. Malaika wa kanisa dogo walikuwa wameshatiwa rangi upya katika karne ya 19, na rangi zile kali zinazoonekana leo ni za wakati huo. Wapo wanaosema mafundi wa urejeshaji walifanya mengi kupita kiasi. Mimi naona anayeingia aambiwe wazi lipi ni la 1450 na lipi ni la babu zake wa juzi, kisha aachwe afurahi.

Nje, ng'ambo ya mtaa, wenyeji walimsimamisha Jacques mwenyewe, sanamu ya marumaru iliyochongwa na Auguste Préault na kuzinduliwa mwaka 1879. 

Wageni wengi wakiingia hukimbilia juu kuwaona malaika. Mkijaaliwa kufika, nanyi nendeni kwa malaika, lakini mwanzo simameni uani kabla ya kupanda popote. Tafuteni mlango wenye watu wa jikoni juu yake, muone mnavyoambiwa bila maandishi mnakokwenda, kisha tafuteni mitende.